Shingo za Ukoo Wetu

Haya ninayaandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia nguo, kwa sababu tangu niugue kukaa chini kumenishinda. Nikikaa dakika kumi, mguu unaanza kucheza wenyewe, na nikiuzuia mguu, vidole vinaanza. Mume wangu Mwakio anasema nilikuwa hivyo hata kabla ya ugonjwa. Hakuna aliyemuuliza. Basi uniwie radhi nikirukaruka. Ninamwandikia mtu aliyeambiwa ana saratani ya tezi ya shingo, ile aina adimu ambayo hata muuguzi hukuomba umwandikie jina lake, na ambaye sasa anamtazama mtoto wake akinywa uji na kujiuliza kama amemrithisha. Mimi nilijiuliza hivyo tangu vuli hadi masika. Katika muda huo nilifanya kosa kubwa, na nisingependa wewe ulifanye.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Voi. Kwetu ni Mbololo, huko juu mlimani, lakini duka langu liko mjini, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Shingo ndizo ninazozijua. Mtoto akiingia mlangoni ninajua kola yake ni inchi ngapi kabla hajanisalimia. Cha kuchekesha ni kwamba yangu mwenyewe sikuiona.

Kilichoanza kunisumbua ni tumbo. Niliharisha mwaka mzima, si kila siku, lakini kiasi cha kujua kila choo kilichoko kati ya dukani na stesheni. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikarudishwa kwenye amiba. Uso nao ulikuwa unawaka ghafla, mwekundu, nikiwa nimekaa tu kwenye cherehani. Mama mmoja mteja wangu akaniambia, "Karibu kwa chama chetu, sisi tulioacha kuona mwezi." Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilicheka kwa sababu alikuwa bado hajachukua nguo zake.

Mvua za vuli zilipoanza nilijishonea gauni la kwaya, la kola ya kusimama. Nikajipima shingo. Futi ya kitambaa ikasema nimeongezeka inchi moja na nusu. Nikadhani futi imevutika, nikachukua nyingine mpya, ikasema vilevile. Ndipo nikapapasa, nikakuta kitu kigumu upande wa kulia, kama njugu mawe, hakiumi wala hakisogei. Sikumwambia mtu siku tatu. Nilishona sare nyingi sana katika siku hizo.

Sitakuchosha na habari za vipimo. Nilichomwa sindano shingoni, nikatumwa Nairobi, na huko hospitali kubwa nikakutana na daktari mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza baada ya kila sentensi ili uimeze kwanza. Aliniambia jina la ugonjwa, na kwamba hata kuhara kule na kuwaka uso vilitokana nao. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililonitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

"Ugonjwa huu una njia mbili," alisema. "Kuna ule unaojitokea tu kwa mtu mmoja, hakuna anayejua sababu. Na kuna ule unaopita kwa damu ya familia, mzazi anampa mtoto. Ukiuangalia kwa darubini ni ule ule."

"Na wangu ni upi?"

"Tutapima damu. Inasafirishwa mbali, kwa hivyo majibu yatachukua muda. Una watoto?"

"Mmoja. Wakesho."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Akaandika. Nilitazama kalamu yake ikiandika kumi na moja. Alinieleza kwamba ikiwa ni ya kurithi, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mtoto akipatikana nayo, hutolewa tezi mapema, kabla haijaharibika, naye humeza vidonge maisha yake yote. Alilisema kama habari njema. Leo naelewa kwamba ni habari njema. Siku hiyo nilitaka kumnyang'anya ile kalamu.

Kwenye benchi la kusubiri ndipo nilipompata Zuhura. Alikuwa amevaa buibui safi, ameshika bahasha ya picha kama yangu, na alikuwa ametulia kwa namna iliyonikera. Mimi nilikuwa nimeshahesabu vigae vya sakafu mara mbili. Aliponisikia nikimwambia muuguzi kwamba nimetoka Voi, aligeuka mwili mzima.

"Voi? Voi hii yetu?" akasema. "Mimi nakaa nyuma ya msikiti, nauza mitandio. Miaka yote hiyo, shoga yangu, tuje tujuane huku kwenye benchi la maradhi!"

Tulikuwa na ugonjwa mmoja. Yeye aliugundua mwezi mmoja kabla yangu, naye pia alikuwa ametolewa damu ya kwenda kupimwa. Ana watoto watatu. Nilimuuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Kwetu maradhi haya hayapo, alhamdulillahi. Kwetu watu hufa na uzee, au presha. Mamangu alikwenda na presha. Alijifungua mdogo wangu asubuhi, adhuhuri hayupo. Mimi nilikuwa na miaka minne. Lakini shingo? Hapana. Hii yangu imenijia tu." Akanitazama. "Na kwenu je?"

Nikafungua mdomo kusema kwetu pia hakuna. Kisha nikamkumbuka nyanya yangu, mama ya baba, na shingo yake iliyojaa hadi chini ya kidevu. Nikakumbuka na wengine.

Nilifanyiwa upasuaji mwezi wa Januari, wakati wa jua kali. Walitoa tezi yote na matezi mengine madogo ya pembeni, na nilipoamka nilikuwa na mrija shingoni na sauti ya jogoo mgonjwa. Mtu anayekwenda huko nataka ajue haya: midomo na vidole vitafanya ganzi, kama vinachomwa na sindano ndogondogo, na usikae kimya ukijifanya shujaa. Waambie. Ni kalsiamu imeshuka, wataiongeza, itapita. Mimi nilijifanya shujaa nusu siku, mpaka vidole vikajikunja vyenyewe. Mama mmoja wa usafi ndiye aliyeviona akaita muuguzi. Kesho yake aliniletea maji ya vuguvugu ya kunawa uso bila kuombwa, na alinisimulia habari za ng'ombe wake muda wote aliokuwa akipiga deki. Sikumbuki jina lake na najilaumu.

Nyumbani Mwakio alinikosha nywele kwenye karai kwa wiki nne, kwa sababu sikuweza kuinama. Ni mwalimu, ana mikono ya chaki, hakuwahi kumkosha mtu nywele. Aliniingiza sabuni machoni kila mara. Nilimpenda sana katika wiki hizo, na tuligombana kila siku.

Tuligombana kwa sababu ya kungoja. Kila asubuhi niliamka, nikameza kidonge na maji matupu, nikangoja nusu saa kabla ya kula kama nilivyoagizwa, na katika nusu saa hiyo mawazo yangu yalitembea kaunti nzima. Simu ikilia nilikuwa nimeshaishika kabla haijalia mara ya pili. Sikuweza kushona, maana mkono ulikuwa mzito, sikuweza kuimba, na sikuweza kupiga kelele hata kwa kuku. Mtu kama mimi ukimnyima kazi na sauti, atatafuta cha kufanya. Mimi nikatafuta wafu.

Nikapanda Mbololo kwa shangazi yangu Mshai, dada ya baba. Shangazi ndiye mweka vitu vya ukoo. Ana sanduku la bati lililojaa vijitabu vya mazishi. Kama hukulelewa kwetu, nikueleze: mtu akifa, familia humchapishia kijitabu chenye picha yake ya rangi kwenye jalada, tarehe ya kuzaliwa na ya kulala, historia ya maisha, majina ya watoto na wajukuu wote, na nyimbo zitakazoimbwa. Hakuna anayekitupa. Na hakuna kijitabu kinachosema mtu alikufa na nini. Kitasema aliugua kwa muda mfupi. Au kitasema aliugua kwa muda mrefu, akalala kwa amani. Unaweza kusoma sanduku zima usikute hata homa.

Basi sikusoma. Nilitazama picha. Niliketi sakafuni kwa shangazi, ndiyo, niliketi, karibu saa tatu nzima, nikipitisha jalada baada ya jalada na kuangalia chini ya kidevu. Nilifanya hivyo kama fundi. Na nikawapata: nyanya yangu, dada zake wawili, na binti ya ami yake baba. Wanawake wanne wenye shingo zilizojaa, mmoja amejifunga kitambaa ili isionekane, lakini mimi kitambaa hakinidanganyi.

Shangazi alikuwa anachambua maharage mlangoni. "Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Ugonjwa wangu."

"Hapo hakuna ugonjwa wako. Hapo kuna watu wamelala."

"Shangazi, angalia hii shingo. Na hii. Walikufa na nini?"

"Mungu aliwaita." Akaweka ungo chini. "Hao walikuwa na goita tu. Zamani huku juu kila mtu alikuwa nayo. Weka hiyo vitabu. Watu wamepumzika, wewe unakuja kuwapima kola?"

Nikamwambia, kwa ile sauti ya jogoo, kwamba ni huku kuficha ndiko kunakoua watoto. Kwamba kama wangeandika ukweli kwenye hayo makaratasi, mimi ningejua mapema. Akarudi kwenye maharage yake. Niliviweka vijitabu vinne ndani ya kanga nikateremka navyo bila kuaga. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na nafuu pia, nasema kweli. Angalau nilikuwa na jibu.

Mwakio alivitazama vijitabu mezani. "Wewe umekuwa daktari lini?" akasema. "Majibu haijatoka na ushamaliza kesi."

"Wanne, Mwakio."

"Ngoja majibu. Na usimwambie mtoto. Nakuomba."

Nilingoja siku mbili. Jumapili baada ya kanisa nilimweka Wakesho kati ya magoti yangu nimsuke, na nikajikuta, badala ya kushika kitana, ninampapasa shingo. Huku na huku, juu na chini. Nilikuwa nikifanya hivyo kila siku kwa visingizio. Safari hii aliushika mkono wangu.

"Mama, unatafuta nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba huu ugonjwa wangu ni wa ukoo, umetoka kwa nyanya wa zamani ukaja kwangu, na pengine yeye pia anao, na kama anao atafanyiwa upasuaji kama mimi. Sikusema "tunangoja majibu." Niliongea kama mtu aliyekwisha kuyasoma. Nilidhani ninamfanyia kile ambacho ukoo haukunifanyia mimi.

Akasema, "Sawa." Basi. Nikamaliza kumsuka.

Tangu siku hiyo alibadilika, lakini si kwa namna niliyoiogopa. Hakulia. Alianza kuamka ninapoamka. Nikimeza kidonge, naye alikunywa maji kikombe kimoja, akakaa nami jikoni nusu saa bila kugusa uji wake, mpaka nami niruhusiwe kula. Nilimwambia atachelewa shule. Alisema hatachelewa. Alimuuliza baba yake kama kidonda cha shingo kinauma, akamwomba amnunulie skafu. Mwakio aliniangalia siku hiyo kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

Masika yalikuwa yameshika ndipo tulipoitwa. Tulipanda treni mimi na Zuhura, sote wawili siku moja. Yeye alibeba sambusa na chupa ya chai, mimi nikabeba vijitabu vinne kwenye bahasha. Alikula, akasali, akalala. Mimi nilisimama kwenye korido karibu njia yote nikitazama mbuga ilivyokuwa kijani, mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepoteza mzigo.

Mimi ndiye niliyetangulia kuingia kwa daktari. Kabla hajafungua faili lake nilimwekea vijitabu mezani, vyote vinne vikimtazama. "Hii ndiyo historia ya familia," nikasema. "Siku ile sikuwa nayo. Sasa ninayo."

Hakucheka. Alivichukua kimoja kimoja. Nilidhani anatazama shingo. Kisha akaanza kusoma tarehe, kwa kidole.

"Huyu alilala na miaka themanini na sita," akasema. "Huyu tisini na moja. Huyu themanini na tatu. Huyu... tisini kasoro moja." Akanyamaza ili nimeze. "Mama, hawa walikaa na hizi shingo miaka mingapi?"

Nyanya yangu alikuwa na ile shingo tangu kuzaliwa kwa baba.

"Ugonjwa wako haumwachi mtu hivyo bila matibabu. Hawa ni goita, ile ya zamani, kabla ya chumvi kutiwa iodini. Uliangalia shingo, hukuangalia miaka."

Kila kijitabu kilikuwa na miaka hiyo kwenye jalada, chini kabisa ya picha, kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeitazama kwa wiki sita. Kisha akafungua faili. "Na damu yako imerudi. Haina lile badiliko linalorithiwa. Yako imejitokea tu. Mtoto wako hana haja ya kupimwa."

Nilipiga meza kwa mikono miwili, kalamu zikaruka. Nikalia, nikacheka, nikamwomba arudie. Alirudia. Aliniambia pia kwamba kile kipimo cha damu kinachofuata saratani yenyewe kilikuwa kimeshuka sana lakini hakijafika chini kabisa. Kuna kidogo kimebaki mahali fulani, kwa hivyo nitaendelea kupimwa kila miezi sita. Nilisema sawa, sawa, kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

Nilimpisha Zuhura mlangoni nikiwa nang'aa meno. Alinifinya mkono akaingia. Alikaa ndani muda mrefu. Nilitembea ukumbi ule kutoka dirisha hadi dirisha, na kila nilipopita mlango nilisikia sauti ya daktari tu, ikisema kidogo, ikinyamaza.

Alipotoka alikuwa ametulia vilevile, ila mtandio ulikuwa umemteleza na hakuurekebisha. "Yangu ndiyo ya ukoo," akasema. "Asema huenda ile presha ya mamangu haikuwa presha ya kawaida. Maradhi haya huja na uvimbe mwingine tumboni, upandishao presha. Miaka thelathini na saba twamlilia mama, hatujui alikuwa na nini. Hata picha yake sina." Akakaa benchini. "Watoto wote watatu wapimwe."

Furaha yangu haikujua pa kwenda. Niliona aibu kwa sababu ilikuwa bado ipo, inaruka ndani yangu, wakati rafiki yangu ameketi namna ile. Nikamwambia pole. Nikaanza kulia tena, na safari hii sikujua ninalia nini.

"Usinililie," akasema Zuhura. "Sikiza. Yako hujui imetoka wapi. Yangu mimi sasa naujua mlango ilioingilia, na wanangu wangali nyuma ya mlango huo. Nitaukomea. Na wewe furahi, wallahi. Mimi ningekuwa wewe ningepiga kigelegele hapa hapa." Kisha akauliza kama kuna sambusa iliyobaki. Haikuwepo, alikuwa amezila zote.

Wawili kati ya watoto wake hawana lile badiliko. Rukia, wa katikati, analo. Alitolewa tezi likizo ya Agosti, na walipoikagua waliona ndiyo kwanza inaanza kuharibika. Zuhura alinipigia simu kutoka hospitalini akishukuru kwa sauti kubwa hata nikaiweka simu mbali na sikio. Mimi naye tuna ugonjwa mmoja chini ya darubini, na njia zetu hazifanani hata kidogo. Sasa siwezi kumwambia mtu ipi ni afadhali. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usikisie. Ngoja damu irudi, hata kama itabidi ung'ate ukuta. Shangazi Mshai nilimrudishia vijitabu vyake na kumwomba msamaha. Alinisamehe, ila kila nikimtembelea hukaza kitambaa chake shingoni na kuniuliza kama inchi zake zimetosha.

Sikumaliza kukueleza siku ile. Tulirudi usiku nikamkuta Wakesho amelala, kwa hivyo nilimwambia asubuhi yake. Alikuwa uani anapiga brashi viatu vya shule. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia nilikosea, kwamba huu si ugonjwa wa ukoo, kwamba hauwezi kupita kwangu kwenda kwake. Nilimwambia yeye hana, na nilisema mara mbili. Nilingoja aruke.

Aliendelea na kiatu. "Na wewe?"

"Mimi bado ninao kidogo. Wataendelea kunipima."

Brashi ikasimama. "Kwa hivyo uko nao peke yako?"

Nilimtazama, na ndipo nikaelewa zile asubuhi zote za jikoni. Mtoto hakuwa akiogopa. Alikuwa anajitayarisha kunisindikiza. Uso wake ukakunjamana, akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia hata siku moja tangu vuli. "Nilikuwa nimezoea tuko wawili," akasema.

Nikamvuta kwangu na viatu vyake vilivyopakwa rangi nyeusi. "Ndiyo," nikamwambia. "Niko nao peke yangu." Sijawahi kusema neno tamu kama hilo.